Jinsi ya kugawa silabi na kuweka mkazo katika vivumishi ambatani vya Kiingereza

Anayesema Kiswahili hakisii mkazo. Neno liwe fupi au refu, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Hata tukiunganisha maneno mawili, kanuni ni ileile. Gari na moshi huwa ga-ri-MO-shi, askari na kanzu huwa a-ska-ri-KAN-zu. Neno la kwanza linaachia mkazo wake na la pili linaubeba. Yapo yanayokaidi, kama barabara yenye maana ya sawasawa, lakini ni machache.

Tabia hiyo tunaibeba hadi kwenye vivumishi ambatani vya Kiingereza, yaani vile vilivyojengwa kwa maneno mawili au zaidi: absent-minded, second-hand, duty-free, trustworthy. Matokeo yake ni mchanganyiko. Kwenye absent-minded tabia yetu inapatia, mkazo unatua kwenye mind panapotakiwa. Kwenye second-hand inatupeleka kwenye -cond, silabi ambayo Mwingereza huimeza karibu yote. Kwenye trustworthy inatupeleka kwenye wor, na hapo pia tumekosea. Mwanafunzi anapata neno moja, anakosa linalofuata, na hakuna aliyemweleza sababu.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata matamshi ya Uingereza, ambayo ndiyo msingi wa Kiingereza kinachofundishwa shuleni kwetu. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hukutana na mambo ya mkazo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, kwenye sehemu ya stadi za kuzungumza. Lakini yanamhusu pia mtangazaji, mwongoza watalii na yeyote anayepokea simu za wageni.

Alama ni mbili tu. Silabi yenye mkazo mkuu nimeiandika kwa herufi kubwa. Silabi yenye mkazo mdogo imetanguliwa na kijistari cha chini, hivi: ˌab-sent-MIND-ed. Zilizobaki hazina mkazo.

Hatua ya 1: Kata kwenye kiungo kwanza

Kabla ya kuhesabu chochote, tenganisha maneno yaliyounganishwa. Mara nyingi kistari kinakuonyesha mahali: kind | hearted, old | fashioned, user | friendly. Lakini vipo vivumishi ambatani vinavyoandikwa bila kistari, na hapo lazima ujue maneno yenyewe: home | sick, water | proof, trust | worthy, nation | wide. Kuwepo au kutokuwepo kwa kistari hakuamui mkazo, kwa hiyo usikitegemee kwa jambo hilo.

Kata hii ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiisha kukata, kila kipande unakishughulikia kama neno linalojitegemea, na maneno yale madogo pengine unayajua tayari.

Hatua ya 2: Hesabu irabu zinazosikika

Silabi ya Kiingereza inahesabiwa kwa sikio. Time ni silabi moja, home moja, made moja, kwa kuwa e ya mwisho haitamkwi. Kwa hiyo home-made ni silabi mbili, na time-consuming ni nne: time-con-sum-ing.

Kinachosumbua zaidi ni kiambishi -ed, kwa sababu vivumishi ambatani vingi vinaishia nacho. Kanuni yake ni nyepesi. Sauti iliyo kabla yake ikiwa t au d, -ed inatamkwa kama silabi kamili: kind-heart-ed, short-sight-ed, left-hand-ed, o-pen-mind-ed. Sauti ikiwa nyingine yoyote, -ed haiongezi silabi. Inabaki konsonanti tupu iliyogandamana na silabi ya nyuma yake. Blue-eyed ni silabi mbili. Well-dressed ni mbili, na mwisho wake unasikika kama drest. Bad-tempered ni tatu, old-fashioned ni tatu, air-conditioned ni nne.

Yapo maneno ya zamani yasiyotii kanuni hiyo. Naked na wicked yana silabi mbili kila mara. Legged, ndani ya three-legged au cross-legged, wengine huitamka silabi moja na wengine mbili, na kamusi zinakubali zote. Lenye mtego ni aged: likisimama peke yake mbele ya nomino, kama an aged man, lina silabi mbili, likiingia kwenye middle-aged linabaki na moja.

Na tukiwa hapohapo kwenye middle-aged: neno middle lina silabi mbili ingawa baada ya d hakuna irabu inayosikika. Sauti l imejitosheleza kuwa silabi. Hili lisikushangaze, kwani wewe mwenyewe unatamka m-tu na m-ke kila siku, na m hiyo haina irabu na inabeba hata mkazo. Fanya hivyohivyo kwa l ya middle, ya single-minded na ya level-headed. Ulimi ubaki juu nyuma ya meno, sauti itoke pembeni, na usitie u wala o katikati.

Hatua ya 3: Funga silabi bila kuongeza irabu

Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na mdomo uliozoea hivyo unatafuta irabu hata pasipokuwa nayo. Hard-working inakuwa hadi-wokingi. Short-sighted inakuwa shoti-saitedi. Silabi tatu zimegeuka tano au zaidi, na hapo hata ukiweka mkazo mahali sahihi, neno limekwisha kuharibika.

Dawa ni kutoachia konsonanti ya mwisho. Kwenye hard-working, peleka ulimi mahali pa d, uzuie hewa, kisha uende moja kwa moja kwenye w bila kufungua. Kwenye bad-tempered, ulimi ushike mara moja tu: unaingia kwa d na kutokea kwa t. Kwenye short-tempered zipo t mbili zilizoshikana. Usizitamke mara mbili, ishike moja kwa muda mrefu kidogo.

Wazungumzaji wenyewe huenda mbali zaidi. Konsonanti tatu zikibanana kwenye kiungo, t au d ya katikati mara nyingi hudondoka katika usemi wa kawaida: first-class inasikika kama firs-class, old-fashioned kama ol-fashioned. Hakuna anayekulazimisha kuwaiga, lakini ukilijua hilo hutashangaa unapowasikia, na kwa mtu anayepata taabu na rundo la konsonanti hiyo ni nafuu halali.

Hatua ya 4: Tafuta mkazo ndani ya kila kipande

Kila kipande chenye silabi zaidi ya moja kina mkazo wake kabla hakijaungana na kingine. Absent unakaa kwenye AB. Consuming unakaa kwenye SUM. Equipped unakaa kwenye QUIPPED. Jina la lugha yetu, kwa Kiingereza pia, linabeba mkazo kwenye HI: Swa-HI-li.

Andika mikazo hiyo kwanza. Yote inabaki katika neno zima. Kinachobadilika ni upi unakuwa mkuu na upi unakuwa mdogo. Hapa ndipo tunapoachana na garimoshi, ambamo mkazo wa gari unapotea. Kiingereza hakiufuti ule wa kwanza, kinaupunguza tu.

Hatua ya 5: Amua kipande kipi kinashinda

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kanuni zilizopo zinashika maneno mengi bila kuyashika yote, nami naona ni bora kuzijua hivyo kuliko kudanganywa kwamba ni za hesabu.

Anza na kundi kubwa, ambalo mkazo mkuu unakwenda kwenye kipande cha pili. Humo mna vivumishi vinavyoeleza mtu au kitu kwa sehemu yake au tabia yake na kuishia na -ed: ˌkind-HEART-ed, ˌnar-row-MIND-ed, ˌbad-TEM-pered, ˌcold-BLOOD-ed, ˌblue-EYED. Kwa kuwa wengi wao wana silabi mbili baada ya kiungo, mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo sababu tunawapatia bila kufundishwa. Lakini angalia blue-eyed: mkazo uko mwisho kabisa.

Wamo pia wanaoanza na well na ill: ˌwell-KNOWN, ˌwell-DRESSED, ˌill-MAN-nered. Wanaoanza na namba au mpangilio: ˌfirst-CLASS, ˌsec-ond-HAND, ˌone-SID-ed. Wanaofananisha au kutia chumvi: ˌice-COLD, ˌsnow-WHITE, ˌbrand-NEW. Wote wanaoishia na made: ˌhand-MADE, ˌhome-MADE, ˌread-y-MADE, ˌman-MADE. Na wengi wa wanaoishia na free, wide na friendly: ˌdu-ty-FREE, ˌsu-gar-FREE, ˌna-tion-WIDE, ˌus-er-FRIEND-ly. Carefree amejitenga na wenzake wa free. Yeye ni CARE-free.

Kundi la pili linaweka mkazo mkuu kwenye kipande cha kwanza. Wa kukariri kwanza ni wale wenye mikia hii: -proof, -tight, -worthy, -sick, -like. WA-ter-proof, BUL-let-proof, AIR-tight, TRUST-ˌwor-thy, ROAD-ˌwor-thy, HOME-sick, SEA-sick, CHILD-like. Mikia hii haishindi, kwa hiyo ukiiona usisite.

Kisha kuna wenye -ing, na hawa wanahitaji swali moja: kipande cha kwanza ni nomino, au ni neno linaloeleza namna? Kikiwa nomino, kinashinda: TIME-con-ˌsum-ing, HEART-ˌbreak-ing, BREATH-ˌtak-ing, ENG-lish-ˌspeak-ing, na kwa hiyo Swa-HI-li-ˌspeak-ing. Kikiwa kinaeleza namna, kinashindwa: ˌhard-WORK-ing, ˌgood-LOOK-ing, ˌeas-y-GO-ing, ˌlong-LAST-ing. Ukishika tofauti hii moja utakuwa umeondoa makosa mengi kuliko kwa kukariri orodha, maana vivumishi vya -ing vinaundwa vipya kila siku na hutavikuta vyote kwenye kamusi.

Wanaoungana na umbo la kitendo kilichokwisha kutendwa ndio wakaidi. SUN-burnt, HEART-ˌbro-ken na WEATH-er-ˌbeat-en wanaanza na mkazo mkuu; hand-picked anaumalizia: ˌhand-PICKED. Hapo sina kanuni ya kukupa, ni kuwajua mmoja mmoja. Vivyo hivyo COL-our-blind na ˌtone-DEAF: maana zao ni za aina moja, mikazo yao imepishana.

Wa mwisho ni vivumishi vilivyotokana na kikundi cha maneno: up-to-date, out-of-date, down-to-earth, state-of-the-art. Mkazo mkuu unakwenda kwenye neno la mwisho lenye uzito, mdogo unakaa kwenye la kwanza, na vineno vya katikati vinapitiwa haraka: ˌup-to-DATE, ˌdown-to-EARTH, ˌstate-of-the-ART.

Hatua ya 6: Tazama neno linalofuata

Umelipata neno, umelitamka vizuri peke yake, kisha unalisikia redioni likiwa na mkazo mahali pengine. Aliyekosea huenda si wewe wala mtangazaji. Vivumishi vya lile kundi kubwa huhamisha mkazo vinaposimama mbele ya nomino.

Tamka: The car is ˌsec-ond-HAND. Kivumishi kiko mwisho wa sentensi, mkazo uko kwenye HAND. Sasa tamka: a SEC-ond-hand CAR. Hapa hand imelala kabisa. Mapigo mawili yako kwenye SEC na CAR. Sababu ni kwamba Kiingereza hakipendi mapigo mawili mazito yanayofuatana bila nafasi, na hand car ingekuwa hivyo. Kwa kuwa nomino haikubali kuachia mkazo wake, kivumishi ndicho kinachorudi nyuma hadi kwenye mkazo wake mdogo.

Jaribu na hizi kwa sauti:

She is ˌwell-KNOWN. — a WELL-known WRIT-er
The bread is ˌhome-MADE. — HOME-made BREAD
The list is ˌup-to-DATE. — an UP-to-date LIST
He is ˌmid-dle-AGED. — a MID-dle-aged MAN

Jambo hili halivihusu vivumishi vya kundi la pili. Mkazo wao uko mbele tayari, hauna pa kuhamia: the job is TIME-con-ˌsum-ing, a TIME-con-ˌsum-ing JOB. Na nomino ikianza na silabi dhaifu, kama gui-TAR, msukumo wa kuhama unapungua kwa sababu nafasi kati ya mapigo ipo, ingawa wengi huhamisha hata hivyo.

Kuna uhamisho mwingine usiotegemea nomino, nao ni wa kulinganisha. Mtu akikosea akadhani umesema right-handed, utamjibu kwamba umesema LEFT-handed, na mkazo utatua kwenye neno linalotofautisha. Hii tunaifanya hata kwa Kiswahili tunaposisitiza, kwa hiyo haihitaji mazoezi mengi.

Hatua ya 7: Fifisha kilichobaki

Mkazo wa Kiingereza unasikika kwa sababu silabi za jirani zimenyong'onyezwa. Ukitamka silabi zote kwa uzito mmoja kisha ukapaza sauti kwenye moja, utasikika umekasirika badala ya kusikika umeeleweka.

Irabu isiyo na mkazo mara nyingi hugeuka kuwa shwa, ile sauti fupi ya katikati ya mdomo isiyo a wala e wala o. Kiswahili hakina sauti hiyo. Kwetu kila irabu inatamkwa wazi. Ndiyo maana absent tunaisema ab-sent yenye e kamili, ilhali silabi ya pili inatakiwa kuwa s na nt zenye pumzi kidogo katikati. Second vivyo hivyo: SEC, halafu nd iliyotanguliwa na kivuli cha irabu. To na of ndani ya up-to-date na out-of-date nazo zinafifia.

Anza kwa kurefusha silabi yenye mkazo mkuu mara mbili ya kawaida, hata kama unajiona unatia chumvi, na uzipitie nyingine kwa haraka. Ukizoea, punguza urefu. Kurefusha kunafanya kazi vizuri kuliko kupaza sauti.

Hatua ya 8: Hakikisha kwa kamusi, ukijua unachosoma

Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge zilizo mtandaoni zina kitufe cha kusikiliza matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Zina pia maandishi ya kifonetiki, ambayo alama zake zinatokana na kazi ya Shirika la Kimataifa la Fonetiki lililoundwa Paris mwaka 1886. Kijistari cha juu kabla ya silabi ni mkazo mkuu, cha chini ni mkazo mdogo. Ukikuta cha juu kwenye kipande cha kwanza cha kivumishi ambatani, hata kama cha chini kinafuata, umekutana na kundi la pili. Ukikuta cha chini kimetangulia na cha juu kinafuata, ni lile kundi kubwa, na maana yake ni kwamba mkazo wake utahama mbele ya nomino. Kamusi chache zinakueleza hilo waziwazi. Unalisoma kwenye alama.

Tahadhari kuhusu zile nukta zinazogawa neno katika kamusi za Kimarekani kama Merriam-Webster. Hizo zinaonyesha mahali pa kukata neno linapofika mwisho wa mstari, wala hazidai kuwa ndizo silabi za mdomoni. Open ni silabi mbili, o-pen, lakini desturi ya wachapaji haikubali kuacha herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari, kwa hiyo halikatwi.

Kwa anayeandika: kivumishi chenye kistari kikifika ukingoni, kikate kwenye kistari chake kilichopo, absent- juu na minded chini. Usiongeze kistari cha pili ndani ya absent. Na well-known huandikwa na kistari mbele ya nomino, lakini wahariri wengi hukiondoa likija baada yake: a well-known writer, the writer is well known. Ukiitazama tena hatua ya 6, utaona kistari na mkazo vinabadilika mahali pamoja.

Zoezi

Jirekodi kwa simu ukisema haya, kisha usikilize kabla hujatazama majibu: mouth-watering, narrow-minded, bulletproof, out-of-date, the hotel is well equipped, a well-equipped hotel, the perfume is tax-free, tax-free perfume.

Mouth-watering ni silabi nne, MOUTH-ˌwa-ter-ing. Kipande cha kwanza ni nomino, na kama umeweka mkazo kwenye ter, umefuata kanuni ya Kiswahili. Narrow-minded ni nne, ˌnar-row-MIND-ed. Bulletproof ni tatu, BUL-let-proof. Out-of-date ni tatu, ˌout-of-DATE, na of imefifia. Well equipped ni tatu, kwa kuwa -ed baada ya p haiongezi silabi: ˌwell-e-QUIPPED. Mbele ya hotel mkazo unarudi kwenye WELL: a WELL-e-quipped ho-TEL. Tax-free peke yake ni ˌtax-FREE. Mbele ya perfume, ambayo kama nomino inaanza na PER, inakuwa TAX-free PER-fume.